Ulanzi wa Kutilia Chai

Wajukuu wangu hawaamini kwamba niliwahi kupika ulanzi mpaka ukawa mzito kama asali. Nikianza kusimulia wanatazamana, mmoja anakohoa, mwingine anasema babu kachoka. Sijachoka. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, lakini nyumba hii wanayolala nimeifyatulia matofali mwenyewe na kuyachoma mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kutunga uongo kuhusu chupa. Anayetaka Kiswahili cha mapambo akatafute kwingine. Mimi nitaeleza ilivyokuwa.

Nilianza kushangaa kule Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, nilikokuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Hakuwa Mwingereza. Kwao ni Kanada, nchi ambayo, alivyosema, maji ya mtoni hugeuka jiwe ukapita juu yake na ng'ombe. Hilo nilimwachia mwenyewe. Lakini siku moja aliletewa kifurushi, na ndani yake kopo, na ndani ya kopo kitu cha rangi ya chai ya rangi, kizito, kinachoteremka polepole. Akakimimina juu ya chapati za maji nilizompikia, akafumba macho kama mtu anayesali. Kisha akanipa kijiko nilambe.

Nikamuuliza ni asali ya nyuki gani.

“Hapana nyuki,” akasema. “Mti.”

“Mti gani, Bwana?”

“Toboa mti, tia bomba dogo, tundika ndoo. Maji natoka. Pika, pika, pika. Kwisha maji, nabaki hii.”

Nilibaki na kijiko mdomoni. Mti unatoa sukari! Akataja na jina la mti huo, nami kwa masikio yangu nikasikia “pepo”. Kwa miaka mingi nimeuita mti wa pepo, na kama nilikosea basi nilikosea, hakuna aliyewahi kunisahihisha. Nilipomsimulia mama yangu niliporudi Ileje, alinitemea mate kifuani kunikinga, akaniambia nisitaje mti huo ndani ya nyumba yake.

Nilirudi kuoa. Binti nilikuwa nimeshamchumbia, mahari nimeshatoa, imebaki harusi ya kanisani baada ya Pasaka. Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka mpaka apewe sababu mbili. Pombe kwake ilikuwa adui mwenye miguu. Mtu akikutwa na pombe anawekwa marudi, yaani jina lake linaandikwa kitabuni, anakaa benchi la nyuma, hapokei meza ya Bwana wala hafungi ndoa mpaka atakapofutwa. Na katika wale walioandikwa, wengi aliwaleta yeye.

Siku nilipokwenda kupanga mambo ya harusi alinikalisha kwenye kigoda kifupi, yeye akakaa kwenye kiti.

“Kijana, harusi ya Kikristo ni chai.”

“Ndiyo, baba.”

“Na chai ni sukari. Watu watatoka Itumba, watatoka Ikinga, watapanda milima. Ukiwapa chai kavu hiyo si harusi, ni msiba wenye nyimbo. Bila sukari sitakupa binti yangu mbele ya watu nikaaibika. Tutangoja.”

“Tutangoja mpaka lini?”

“Mpaka sukari ipatikane.”

Ndani ya nyumba mama mkwe alicheka. Sikumwona, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, lakini nilimsikia akisema huko ndani: “Mwambie akalime miwa!”

Alijua anachosema. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Wazungu na sukari ilikuwa imetoweka. Nilikwenda dukani Isongole, Mhindi akanionyesha gunia tupu akalikung'uta mbele yangu. “Sukari imekwenda vitani,” akasema. Nikavuka mto Songwe mpaka upande wa Nyasa, nako hakuna. Miwa ya bondeni ilikuwa michache, ya kutafuna. Asali ya nyuki msimu wake ulikuwa bado, na iliyobaki ilikuwa imeshatiwa kwenye pombe. Kungoja! Vita vile nani alijua vitaisha lini? Nilikuwa na wenzangu waliochumbia wakaondoka kwenda kazini migodini, waliporudi wakakuta binti ana watoto wawili wa mtu mwingine. Mimi sikuwa tayari kungoja Wazungu wapatane ndipo nioe.

Ndipo nilipomkumbuka Mzungu wangu na kopo lake. Mti wa pepo kwetu haupo. Lakini tunao mwanzi.

Asiyejua nimweleze. Mvua zikianza, mwanzi unatoa chipukizi nene lenye maji. Unalikata kichwa, unaliinamisha, unalitundikia kopo la kipande cha mwanzi mkavu, na maji yanadondoka. Kila asubuhi, mchana na jioni unarudi na kisu, unachonga ncha kidogo sana, kama unavyochonga kucha, kidonda kisije kikafunga. Maji yale yakidondoka leo ni matamu, mtoto anakunywa. Kesho yanachangamka. Keshokutwa yanalewesha. Na maji matamu yale, na pombe ile, na mwanzi wenyewe, vyote tunaviita jina moja: ulanzi. Neno moja tu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mjomba wangu alikuwa mgema. Nilipomwambia nataka ulanzi nikaupike, aliniangalia kama mtu anayetazama ndama mwenye vichwa viwili.

“Uupike? Uupikie nini? Uko tayari!”

“Nataka maji yatoke, ibaki sukari.”

“Mwipwa wangu, huko Lupa ulianguka shimoni?”

Lakini alinipa mianzi kumi na minane na kisu. Nikagema kwa makopo yake, nikapata debe zima, nikalibandika motoni kwa mama. Tulichemsha kutwa. Mama alikaa pembeni ya moto akitazama mvuke ukipaa.

“Nimezaa mtoto wa kwanza katika ukoo huu anayepika hewa,” akasema.

Kilichobaki kilikuwa kikombe kimoja cha uchafu mchungu, wenye ukali wa siki. Nilikitema. Siku tatu za kuchonga mianzi, mzigo mzima wa kuni, kumbe nimetengeneza dawa ya minyoo!

Mjomba ndiye aliyenifungua macho, tena bila kujua. Nilimwona akimimina ulanzi wake kutoka kwenye kopo, akalirudisha kopo lilelile na tope lake chini.

“Mjomba, huoshi?”

“Nioshe? Tope hili ndilo linaloamsha ulanzi. Ukiosha unalala siku mbili.”

Basi! Nilitaka ulale. Nilikwenda nikakata makopo mapya, nikayachemsha, na kila siku nikawa nayachemsha upya. Nikawa nakusanya asubuhi kabla jua halijapata nguvu na kupika papo hapo. Safari hii nilipotoa povu na kuendelea kuchochea, maji yakabadilika rangi, yakawa kama majani makavu, kisha kama shaba. Mapovu yakawa makubwa na mazito, yanapasuka kwa uvivu. Nikainua mwiko. Tone likashuka, likakawia, likajivuta kama uzi.

Mama akachovya kidole akalamba. Halafu akachovya tena.

“Hee,” akasema. Hiyo tu. Kisha akasema, “Ondoka hapo, utaunguza,” akaninyang'anya mwiko.

Debe zima lilirudi chupa moja na kidogo. Mwezi ulipoisha tulikuwa na chupa tisa, nyeusi, zimepangwa chini ya kitanda cha mama. Nilitembea kijijini kifua mbele. Mimi, wa darasa la pili, nimefanya kitu ambacho mwalimu wa shule hakijui!

Nilichosahau ni kwamba watu walikuwa wananiona. Mchumba wa binti wa mzee wa kanisa, kisu mkononi, yumo kwenye mianzi asubuhi na jioni. Jumapili moja baada ya ibada nikaambiwa nisiondoke.

Walikuwepo mchungaji, mtu wetu wa hapahapa, na wazee wanne, na mmoja wa wale wanne alikuwa baba mkwe. Kitabu kiko wazi mezani. Nilikuwa nimesikia tetesi, kwa hiyo nilibeba chupa moja ndani ya koti. Nilijua nitaitoa, watalamba, watanisifu, na baba mkwe ataniinukia kunipa mkono.

Yeye ndiye aliyeuliza.

“Kijana, umegema ulanzi?”

“Nimegema, baba, lakini…”

“Umeupeleka nyumbani kwa mama yako?”

“Nimeupeleka, ila nime…”

“Mama yako ameunywa?”

“Ameulamba.”

“Andika,” akamwambia aliyeshika kalamu.

Haki ya Mungu! Hayo ndiyo maswali yote! Nilitoa chupa nikaipiga mezani. “Ni ulanzi lakini si ulanzi! Nimeupika! Ni kama asali!”

“Asali ina nyuki,” akasema mzee mmoja. “Nyuki wako wako wapi?”

“Onjeni basi!”

Wakatazamana. Mchungaji akasema polepole, “Nani aonje? Ikiwa ni pombe, aliyeonja naye tumwandike.” Na kweli, wazee wanne wakubwa wakaiangalia chupa kama nyoka aliyekunjika mezani, hakuna aliyethubutu kupeleka kidole.

Baba mkwe ndiye aliyepata njia. “Ulanzi siku ya tatu unauma ulimi. Siku ya saba unatoa povu hata ukiuziba. Baada ya hapo ni siki. Tuifunge chupa hii mwezi mmoja. Ikichacha, ni pombe, jina lake litabaki kitabuni, na binti yangu ataolewa na mwingine. Isipochacha, nitanyamaza.”

“Mzee,” akasema mchungaji, “unaujua ulanzi vizuri.”

“Sikuzaliwa nimebatizwa.”

Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, wote waliona. Wakaiziba kwa gunzi, wakafunga kitambaa. Ikatunzwe wapi? Baba mkwe akasema kwake, maana katika nyumba yake hakuna mkono utakaogusa kitu kinachodhaniwa pombe. Wote wakakubali. Nani angekataa?

Mwezi ule nilikaa benchi la nyuma na walevi wa kijiji, nao walinifurahia kupita kiasi. “Karibu mwenzetu,” waliniambia. “Tuletee basi huo wa kupika.” Nilitaka kupigana. Kila asubuhi nilifungua chupa moja ya chini ya kitanda nikainusa. Ilinukia vilevile. Lakini hizo zilikuwa zangu. Je, ile ya kwake? Kama gunzi lilikuwa chafu? Kama walipoziba kitu kiliingia? Kazi yangu yote ya Lupa, mahari yangu, na yule binti, vyote vilikuwa ndani ya chupa iliyo nyumbani kwa mtu asiyenipenda.

Mchumba wangu nilikutana naye mara moja tu, njia ya kisimani, akiwa na mtungi kichwani. Hakusimama, alipunguza mwendo.

“Chupa ikoje?” nikamuuliza.

“Sijui. Baba ameifungia sandukuni. Ufunguo uko shingoni mwake.”

“Hasemi kitu?”

“Hasemi. Ila siku hizi anachemsha chai yake mwenyewe.”

Nilishangaa, maana mzee wa kwetu wa rika lile hakuchemsha hata maji ya kunawa. Nikadhani amekasirika na nyumba nzima kwa ajili yangu.

Siku ikafika. Ibada ikaisha, watu wakatoka, tukabaki walewale. Safari hii mama mkwe na binti walisimama nje ya dirisha, migongo yao nikiiona. Baba mkwe aliweka juu ya meza kitu kilichofungwa kwenye shuka. Alikuwa mtu wa mikono thabiti, lakini fundo lilimshinda, mchungaji akamsaidia.

Chupa ikatokea. Ndani yake kulikuwa kumebaki vidole vinne.

Mzee mmoja akaigeuza chini juu, akaitazama kwenye mwanga. “Haina ufa,” akasema. Mwingine akasema labda imekauka. Imekauka ndani ya chupa iliyozibwa!

Mimi sikungoja. Damu ilinipanda. “Mmeimwaga!” nikapiga kelele. “Mmeimwaga mseme ilitoa povu! Hamtaki nioe, semeni!”

“Kaa chini,” akasema baba mkwe.

“Sikai!”

“Kaa chini, mwanangu. Ni mimi.”

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikakaa.

Akasema akiwa amesimama, macho yake kwa mchungaji. “Siku ya tatu nilionja kwa ncha ya kidole, nijue kama imeanza kuuma. Haikuuma. Siku ya saba nikaonja tena, nikatia kidogo kwenye chai nione kama itageuka. Haikugeuka.” Akaigusa chupa. “Baada ya hapo, ndugu zangu, sikuwa napima tena.”

Nje ya dirisha mtu alitoa sauti. Sijui kama ni kicheko au kilio. Wazee waliinamisha vichwa, na mmoja mabega yalikuwa yanamtikisika. Mchungaji naye alifuta midomo kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Basi jambo limekwisha,” akasema. “Mzee amekunywa mwezi mzima na hajayumba hata siku moja. Si pombe. Kijana, umefutwa. Na wewe mzee, ulikuwa unapima tu.”

“Niandikeni,” akasema baba mkwe.

“Tuandike nini? Hukulewa.”

“Sikulewa. Andika wizi. Nilipewa amana nikaila kwa siri, na mlango nimefunga.”

Niliruka. “Baba, nimekupa! Chukua na iliyobaki! Nimekupa!”

“Hukunipa. Unanipa leo kwa sababu unaniona. Nyamaza.” Akamgeukia mwenye kalamu. “Wangapi nimewaleta hapa nikasema andika? Andika.”

Yule mwenye kalamu alikuwa rafiki yake wa utotoni. Aliandika, na nililiona chozi lake likidondoka karibu na wino. Akapewa miezi mitatu ya benchi la nyuma. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Nilimwomba mchungaji tuisogeze, baba mkwe mwenyewe akakataa. Alisema sukari imepatikana, neno lake ni lile.

Kwa hiyo nilifunga ndoa mbele ya kanisa lililojaa, na baba wa bibi harusi amekaa benchi la nyuma, katikati ya walevi wawili, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote ile kumwonyesha yule mzee kuwa mimi ni nani. Siku ile nilishindwa hata kugeuka kumtazama, na mchungaji aliponiuliza kama namkubali huyu awe mke wangu, ilibidi aulize mara ya pili.

Chai ilinywewa uani kwa mama. Watu wa Itumba na Ikinga walikunywa wakaulizana, “Sukari gani hii?” wakaomba tena. Mimi na mke wangu tukapita na birika na chupa, kama ilivyokuwa desturi yetu kuwahudumia wazazi. Tulipofika kwa baba mkwe, mke wangu akamtilia chai, na nilipoinamisha chupa, akafunika kikombe kwa kiganja.

“Yangu kavu,” akasema.

Nilibaki nimeinamisha chupa. Watu wa karibu wakageuka. Na bibi harusi kwetu siku ile hainui macho wala hafungui kinywa tangu asubuhi mpaka jua linazama, akisema neno moja itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Mke wangu akainua kichwa. “Baba,” akasema, kila mtu akasikia. “Hii umepewa. Toa mkono.”

Ndani ya nyumba mama mkwe akaachia sahani, nikaisikia ikivunjika. Mzee akamtazama binti yake muda mrefu, akawa kama anamwona mtu mgeni. Kisha kiganja kikatoka juu ya kikombe, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikamimina. Nilikuwa namtazama yeye, si kikombe, nusu ikamwagikia kwenye kisosi. Akanywa chai ya kikombe yote, halafu akainua kisosi kwa mikono miwili akainywa na ile.